Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: kesi za wagonjwa zinachelewa kabla hazijafika mahakamani

Mheshimiwa Waziri,

Kesi ya uzembe wa kitabibu ikikaa miaka bila hukumu, lawama zote wanabebeshwa majaji. Mara nyingi tunawaonea. Kanuni za mashauri ya madai zimeyapanga mashauri kwa kasi nne: ya haraka kabisa imalizike kabla mwaka haujaisha, na ya muda mrefu kuliko zote ndani ya miezi 24. Muda mwingi unapotelea nje ya mlango wa mahakama, na huko ndiko mkono wako unakofika.

Mtaani kwetu kuna mama aliyejifungua kwa upasuaji katika hospitali ya wilaya. Kidonda kikakataa kupona. Kila akirudi anapewa dawa za maumivu, mpaka alipopasuliwa upya kwingine akatolewa kipande cha shashi kilichosahaulika tumboni. Alipoomba nakala ya jalada lake la matibabu, ndipo nenda rudi ilipoanza. Mtu wa masjala ametoka. Faili liko kwa daktari. Daktari amehamishwa. Lete barua ya serikali ya mtaa. Barua ikapelekwa, akaambiwa iandikwe upya, ielekezwe kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali. Bila jalada hakuna wakili makini atakayeandaa hati ya madai, na madai ya namna hii ukomo wake, yaani muda wa mwisho wa kuyafungua mahakamani, ni miaka 3. Siku zinahesabiwa huku ufunguo wa kabati anao anayelalamikiwa!

Tuseme jalada limepatikana. Hospitali ya wilaya ni ya halmashauri, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayeishtaki halmashauri lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, tena afungue shauri Mahakama Kuu. Akikosea hatua moja, Wakili wa Serikali anaweka pingamizi la awali kwamba utaratibu umekiukwa, shauri linaondolewa bila mtu kusikia habari za shashi. Aanze upya. Najua siku hizo 90 ziliwekwa ili serikali ichunguze na ikiwezekana wayamalize nje ya mahakama. Nia ni njema, ila yule mama hakupigiwa hata simu.

Halafu kuna shahidi mtaalamu. Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa kama hilo hata mpita njia analiona. Mengi hayako hivyo. Anatakiwa bingwa asimame aseme mwenzake alikosea, na mabingwa wetu wanafahamiana, wengine wamesoma darasa moja. Nani ajitokeze? Shauri linatajwa, linaahirishwa, linatajwa tena.

Mheshimiwa, Sheria ya Ukomo inakupa wewe mwenyewe mamlaka ya kuongeza muda wa kufungua shauri hadi nusu ya ule uliowekwa, yaani miezi 18 juu ya ile miaka 3, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa na habari hiyo. Nami niliipata kwa wakili. (Na huyo anayeshauriwa ndiye mdaiwa, lakini tuyaache.) Tangaza utaratibu wa kuomba nyongeza hiyo, fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na hospitali kukalia jalada iwe sababu tosha ya kuipata. Kisha peleka bungeni marekebisho: nakala itolewe ndani ya siku 14 tangu iombwe, la sivyo siku za ukomo zisimame mpaka itoke. Suala la mashahidi kaa na mwenzako wa Afya. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalowasajili madaktari. Halishindwi kuipatia mahakama majina ya mabingwa wa kutoa ushahidi.

Na mgonjwa akishashinda? Mali ya serikali haikamatwi na dalali wa mahakama, kwa hiyo anakaa kusubiri apangiwe malipo. Hilo nitakuandikia siku nyingine.

Wako,
Mwananchi, Morogoro