Mlinzi wa usiku si mvivu

Ndugu Mhariri,

Mume wangu ni mlinzi wa usiku hapa Tanga, na kila asubuhi, jua likiwa limeshapanda, hurudi akajifunika kanga usoni akiutafuta usingizi usiokuja, huku majirani (Mungu awasamehe) wakimwita mvivu. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana, mna kifundo cha seli takriban 20,000 kinachoongoza saa ya mwili kwa kufuata mwanga, na giza linapoingia ndipo homoni ya melatonini, iuandaayo mwili kulala, huanza kumiminwa. Mwanga wa asubuhi huizuia. Naomba waajiri watoe ratiba za zamu mapema, nao majirani wapunguze redio mchana.

Mkazi wa Chumbageni,
Tanga