Gita la solo lisimeze maneno ya kwaya

Mhariri,

Vyombo vikizidi sauti kanisani, lawama anabebeshwa fundi mitambo. Mara nyingi kosa si lake, ni la gita la solo kupigwa juu ya maneno. Konsonanti kama s, t na k, ambazo ndizo zinazotutenganishia neno na neno, zina nguvu zaidi kwenye hezi 2,000 na kuendelea, na solo iliyojaa trebo, yaani sauti kali za juu, inakaa hapo hapo. Fundi akipandisha maikrofoni za kwaya ili zishindane nayo, zinaanza kupiga mluzi.

Hiyo trebo nayo ina chanzo. Amplifaya ikiwekwa sakafuni inampigia mpigaji miguuni, masikio yake hayaipati sauti kali, basi anaongeza, na waumini wa viti vya mbele wanaumia. Ipandishwe juu ya kiti au ilazwe kidogo imtazame usoni. Ataipunguza mwenyewe.

Kwenye ubeti, rizimu na besi zinatosha. Solo isubiri mwimbaji avute pumzi, ijibu kwa noti nne au tano, inyamaze kabla ya mstari unaofuata. Uwanja wake ni sebene, sehemu ya wimbo ambapo magita yanaongoza na watu wanacheza. Hapo noti mbili mbili ziende pamoja kwa umbali wa tatu au wa sita kwenye ngazi ya muziki, na msemo mmoja urudiwe mpaka wachezaji waukamate. Wengi wanaubadilisha mapema mno, sebene inapoa kabla haijawaka. Anayetumia mwangwi, kifaa kinachorudia sauti ya gita baada ya muda mfupi, apige hesabu ya muda huo: kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, hivyo 250 inaangukia nusu pigo. Ukiwekwa kwa kukisia, unagombana na ngoma.

Kelele nyingine ni ya kutafuta kii, yaani noti ya msingi ya wimbo, wakati kwaya imeshaanza kuimba. Mpiga kinanda akibonyeza transpozi +2, kitufe kinachopandisha sauti zote kwa nusu toni mbili, vidole vyake viko C lakini sauti inatoka D. Mpiga solo anayemtazama vidole amepotea tayari, na atapapasa nyuzi ubeti mzima.

Walimu wa kwaya, tunawaomba orodha ya nyimbo za Jumapili ionyeshe kii halisi ya kila wimbo na mahali sebene inapoingia, na wapigaji waipate siku ya mazoezi, si dakika tano kabla ya ibada.

Wapigaji wa muziki wa injili,
Morogoro