Kiwanja kisiuzwe bado

Minneapolis, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi mara mbili, mpaka nikapitiliza kituo. Poleni sana kwa usiku ule Bakari alipoanguka kifafa. Umeniuliza kama mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ya Tesla 7 inaweza kuona kilichojificha kichwani mwake, maana majibu ya MRI ya huko yameandikwa "hakuna kasoro". Tena unasema Mama yuko tayari kuuza kiwanja cha Kigamboni ili aje kupimwa huku.

Kuona, yaweza. Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku, na MRI nyingi za hospitali ni za Tesla 1.5 au 3. Hii ya 7, ambayo nguvu yake inapita sumaku ya dunia zaidi ya mara laki moja, ilikuwapo hapa Minnesota kwa utafiti tangu 1999, na Marekani haikuiruhusu kwa wagonjwa hadi 2017, tena kwa kichwa, mikono na miguu tu. Gamba la ubongo lina unene wa milimita 2 hadi 4 hivi. Kipande chake kilichojipanga vibaya tangu tumboni, kinachoweza kuleta kifafa, hujibanza kwenye mkunjo, na picha za kawaida zinakipita. Za Tesla 7, ambazo kila chembe ya picha ni ya nusu milimita, mara nyingine hukifichua. Kwa mtu kama Bakari, ambaye dawa mbili zimeshindwa kumtuliza, kukiona ndiko kunakofungua mlango wa upasuaji.

Mimi mwenyewe niliingia humo mwaka jana, kwa kujitolea. Wanja wangu ulifutwa kwanza, kwa sababu aina nyingine zina chembe za chuma. Kitanda kinasogezwa taratibu makusudi, la sivyo kichwa kinazunguka. Na bado mdomoni nilipata ladha ileile ya betri tulizokuwa tukiramba utotoni, unakumbuka?

Sasa kasoro zake. Sehemu za ubongo zilizo karibu na masikio hutoka na giza, kwa sababu mawimbi ya redio hayasambai sawasawa kwenye sumaku kali hivyo, na huko ndiko kifafa cha watu wazima hupenda kuanzia. Halafu Bakari ana chuma mguuni tangu ile ajali ya bodaboda! Vyuma vingi vimethibitishwa usalama kwa 1.5 na 3, si kwa 7. Mnaweza kuuza kiwanja, kuhangaikia viza, kisha akarudishwa mlangoni.

Kwa hiyo anza na mashine iliyo hapo mjini. Omba CD ya picha zake umwonyeshe bingwa wa mishipa ya fahamu, na umuulize: je, alipigwa T1 na FLAIR za pande tatu zenye unene wa milimita 1, na T2 iliyokatwa kukingama na hipokampasi, ile sehemu ya ubongo ya kumbukumbu? (T1, T2 na FLAIR ni aina za picha za MRI.) Huo ndio mpangilio unaopendekezwa kwa wenye kifafa, na Tesla 1.5 inauweza. Kama alipigwa picha za kichwa za haraka tu, hayo majibu ya "hakuna kasoro" mimi siyaamini.

Akianguka tena, mtu amlaze ubavu, wewe shika simu urekodi. Nataka kujua mkono upi unaanza kutikisika, na macho yanageukia wapi. Msoma picha akishajua hilo, anajua upande wa kuchungulia. Nitumie video hata kama ni saa nane za usiku huku.

Msalimie Mama.

Wako,
Zuhura