Mhariri, chumba cha vioo sio fasheni ya juzi

Mhariri salaam. Ile makala yenu ya ukurasa wa ujenzi, yenye picha ya sebule iliyoongezewa chumba cha vioo kuanzia ukuta mpaka paa, kuna mteja ameikata na kuniletea hapa kibandani anataka nimpigie hesabu ya kazi kama ile kwa nyumba yake ya hapa Tanga. Mimi ni fundi aluminiamu na vioo, kazi ikija mimi ndo nakula, kwa hiyo sina faida yoyote ya kumkatisha mtu tamaa. Ila mlivyoandika kwamba ni ubunifu wa kisasa umetoka Ulaya juzijuzi hapo mmewapotosha watu, hiki kitu kina zaidi ya miaka mia tatu na kilichokizaa ni baridi.

Kilianza na machungwa. Wakubwa wa Ulaya ya kaskazini walitaka michungwa na milimau, shida Desemba ikifika mti unakufa, basi wakajenga majumba marefu ya mawe yenye madirisha makubwa upande wa kusini ambako ndo jua lao la msimu wa baridi linapita, miti imepandwa kwenye masanduku, baridi ikija miti inaingizwa ndani, joto likirudi inatolewa nje. Lile la Versailles kule Ufaransa alilijenga msanifu Jules Hardouin-Mansart kati ya 1684 na 1686 kwa ajili ya mfalme Louis XIV na hadi leo linafanya kazi hiyohiyo. London nako malkia Anne alijengewa lake kwenye kasri la Kensington mwaka 1704, akawa analifanyia karamu. Lakini hayo yote paa lilikuwa paa la kawaida, kioo kiko ukutani tu.

Kioo hakikupanda juu haraka kwa sababu ya kodi, na hii sehemu naipenda kwa kuwa inahusu kazi yangu. Uingereza ilikuwa na kodi ya madirisha tangu 1696, watu wengine waliziba madirisha kwa matofali ili wasilipe, alafu 1746 serikali ikaongeza kodi ya kioo chenyewe, tena inatozwa kwa uzito. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshaelewa nini kilitokea, kioo kinene kinalipiwa zaidi kwa hiyo watu wakakimbilia chembamba. Kodi ya kioo ilifutwa 1845 na ya madirisha 1851. Kabla ya hapo mafundi walikuwa hawajalala, mtaalamu wa bustani John Claudius Loudon mwaka 1816 alishatengeneza fremu ya chuma inayokubali kupindishwa, ndo maana mkaona mapaa ya mviringo, na 1832 kiwanda cha Chance pale Smethwick karibu na Birmingham kikaanza kutengeneza kioo kwa njia ya kupuliza bomba refu la kioo, unakata ncha zote mbili, unalipasua kwa urefu, unalirudisha kwenye tanuri linalainika na kufunguka mpaka linakuwa bapa. Unapata kipande kikubwa kuliko walivyozoea. Mtu anayeagiza kioo kwa simu leo hajui watu walivyopulizia mapafu yao kwenye hii biashara.

Sasa anaingia Joseph Paxton, mtoto wa mkulima tu, miaka 23 akapewa ukuu wa bustani ya Chatsworth, jumba la tajiri mwenye cheo cha Duke wa Devonshire, mwaka 1826. Kati ya 1836 na 1840 akajenga nyumba ya vioo ya urefu wa mita 84 hivi, pana kiasi kwamba malkia Victoria alipotembelea 1843 alipitishwa mle ndani akiwa kwenye gari la farasi. Chini kulikuwa na boila nane zinachemsha maji yanayozunguka kwenye mabomba, na makaa ya mawe yalipitishwa kwenye handaki ili wageni wasione uchafu. Soma hapo tena mhariri. Boila nane! Yule ndiye aliyebuni na lile jumba la maonyesho la London la 1851, Crystal Palace, vioo karibu laki tatu na muuzaji ni walewale Chance. Baada ya hapo kodi imeondoka, kioo kimeshuka bei, mwenye duka na wakili nao wakataka kachumba kao ubavuni mwa sebule, mlango unafungua unaingia kwenye mimea jamii ya minazi na majani mapana. Kampuni kama Boulton & Paul ya Norwich ikawa inaviuza kwa katalogi, unachagua mchoro vipande vinakuja kufungwa (vita ya kwanza ilivyoanza haohao wakahamia kutengeneza ndege za kivita, fundi ni fundi).

Na ndani waliweka nini? Mimea ya kwetu jamani. John Kirk akiwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar alipeleka bustani ya mimea ya Kew kule London lile ua laini lenye rangirangi ambalo hapa linaota lenyewe penye kivuli na unyevu, mkuu wa bustani hiyo Joseph Hooker mwaka 1882 akalipa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Miaka kumi baadae, 1892, mtawala wa Kijerumani huku Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, akamtumia baba yake Ujerumani kaua kadogo ka zambarau chenye majani ya manyoya, mwaka uliofuata kakapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia, kakasambaa kwenye madirisha ya dunia nzima. Yaani mtu ananunua makaa tani kwa tani ili apate hewa ya Usambara, alafu mjukuu wa Usambara anaambiwa na gazeti ajenge kama yeye.

Mwisho wake mnaujua? Vita ya 1914 ilikuja, makaa yakaenda vitani, vijana wa bustani wakaenda vitani, mimea ya Chatsworth ikafa kwa baridi na 1920 ile nyumba ikalipuliwa kwa baruti kwa sababu hakuna wa kuilipia. Vyumba hivi vilirudi kwa nguvu Uingereza miaka ya 1970 na 1980 kwa fremu za plastiki na vioo vya tabaka mbili, ndo hivyo mlivyopiga picha. Dada yangu anapanga nyumba Leicester yenye hicho chumba, anasema Januari hakikaliki kwa baridi na Julai hakikaliki kwa joto, wameweka masanduku na baiskeli za watoto. Hata sheria yao ya ujenzi inakisamehe chumba kidogo masharti mengi endapo, pamoja na mengine, kimetengwa na nyumba kwa kuta, milango au madirisha ya kiwango cha nje, maana wanajua kinavujisha joto.

Kwa Tanga sasa. Kioo kinapitisha jua, sakafu inapata moto, hewa iliyopata joto haina pa kutokea, ndo kazi yake hiyo na inaifanya vizuri sana. Mteja wangu Februari atawasha kiyoyozi asubuhi mpaka usiku, yuniti za Luku zitaisha kabla ya wiki, na fundi atakayelaumiwa ni mimi. Nimemwambia hela hiyohiyo inamjengea baraza pana lenye wavu na paa refu, bado anafikiria.

Ila msiseme nimekataa kabisa. Mtu wa Njombe au Makete, ambako Juni na Julai kuna asubuhi barafu iko kwenye majani ya viazi, huyo nitamjengea kwa moyo mmoja. Asinakili tu mchoro wa Wazungu unaoelekea kusini, sisi tuko chini ya ikweta na jua la Juni linapita kaskazini, kwa hiyo kioo kitazame kaskazini. Sakafu iwe ya zege au mawe itunze joto la mchana, juu aweke madirisha mawili ya kufunguka kwa sababu Oktoba jua likikaa utosini patachemka, na kati ya hicho chumba na sebule aweke mlango imara unaofunga sawasawa.

Fundi vioo, Tanga