Shoga, lile simtanki bado lipo?

Tabata, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Za siku? Huku wazima, mguu wa Mama umepungua, Zuhura kajifungua wa kiume. Najua nimekaa kimya miezi minne, utanitukana tukionana. Leo nina shida: lile simtanki lako lililobaki kwa shemeji Mbezi, bado lipo? Nataka la kuwekea maji.

Siku ya tisa bomba halina kitu. Ukilifungua linapiga kwikwi, linatema kutu kijiko kimoja, basi. Ndoo kisimani ilikuwa 300, juzi mwenyewe kaamka na 500. Ndoo hamsini ndiyo uniti moja ya bili ya maji, shoga, elfu ishirini na tano! Ya bomba haifiki hata robo yake.

Basi jana kwenye kikao cha harusi kwa Mama Nasra, michango ikawekwa kando. Baba Jully kashupalia: maji wapewe watu binafsi, serikali imeshindwa. Nikamwuliza, City Water, ile kampuni iliyopewa maji ya Dar, umeisahau? Waingereza, Wajerumani na mwenzao wa hapa hapa, mkataba wa miaka 10, wameanza Agosti 2003, Mei 2005 Lowassa, Waziri wa Maji enzi hizo, kauvunja. Kesi ikafika mpaka Washington, 2008 ikaamuliwa serikali imekosea ila fidia hailipi, kila upande ukatoka unachekelea. Baba Jully eti ile ilikuwa kampuni mbaya, tutafute nzuri. Mama Nasra akadakia: mbona simu ni za kampuni na zinashika? Kelele, mchango wangu hata haukuandikwa.

Nilichotaka kuwaambia ni kwamba huyo mtu binafsi tunaye siku nyingi. Wa kisima, wa boza, kijana wa mkokoteni, hao ni nani? Bili ya bomba ikikosewa angalau kuna dirisha la kwenda kugombania. Mwenye kisima nitamgombeza vipi, na kesho asubuhi nataka ndoo yake? Na yale maji yana chumvi, chai yangu siku hizi... tuyaache. Ingawa kwa siku hizi tisa, hata akija shetani na boza namfungulia geti.

Sasa niambie: simtanki lina mfuniko? Shemeji atakubali nilifuate Jumamosi, au umpigie wewe kwanza, maana unamjua? Hela ya kirikuu tugawane? Na nyie huko Dodoma yanatoka, au ndiyo yale yale? Yule kaka wa ofisini vipi, kimya chako nacho kina sababu?

Wako,
Mwanaidi