Barua kwa Mama: bati, maneno ya Ally, na uwanja wa Wrigley

Chicago

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini presha imetulia na dawa za mwezi huu umeshachukua. Mimi mzima. Kazi ipo, zamu za usiku zimezidi lakini nimezizoea, tuyaache hayo.

Nakuandikia wewe peke yako, si kule kwenye kundi la familia, kwa sababu ya Ally. Aliona picha yangu nimevaa kofia ya Cubs, timu ya besiboli ya hapa Chicago, nyuma yangu watu wamejaa, akaandika mbele ya mashangazi na wajomba wote: "Hela ya kutazama mpira ipo, hela ya bati haipo." Yameniuma, Mama. Hela ya bati nimeituma tangu Ijumaa, ipo kwa Mjomba Kassim. Sikuipitisha kwa Ally na sababu anaijua. Aseme kwanza saruji ya msingi ilikwenda wapi. Na tiketi ninazonunua ni za siku za kazi, mwezi wa Aprili, upepo wa ziwani ukiwa bado unakata masikio na wenyeji hawataki kutoka majumbani. Hizo ndizo rahisi. Nakaa jukwaa la nyuma kabisa, lisilo na namba za viti, ukiwahi unachagua.

Lakini sitaki kujitetea kwa bei. Nataka ujue ninachokifuata kule.

Uwanja unaitwa Wrigley Field, wa tangu 1914, na uko katikati ya nyumba za watu. Unashuka treni kituo cha Addison, unafuata jezi za bluu, umefika. Ukuta wa matofali unaozunguka upande wetu umefunikwa na mmea unaotambaa, uliopandwa 1937. Aprili ni vijiti vikavu, ikifika Juni ni kijani kitupu. Mpira ukinasa humo, mchezaji ananyanyua mikono juu bila kuugusa, na mpigaji anapewa vituo viwili. Ubao wa matokeo nao ni wa mwaka huo huo wa 1937, na mpaka leo wapo watu ndani yake wanaobadilisha namba kwa mikono. Timu ikishinda, wanapandisha juu yake bendera nyeupe yenye herufi moja ya bluu, hata aliye kwenye treni anajua matokeo.

Mchezo wenyewe ungeushika upesi. Huyu anarusha, yule anapiga kwa gongo, kisha ni mbio za kuzunguka vituo. Ukiguswa na mpira kabla hujafika umetoka, kama rede tuliyokuwa tukicheza uani kwa Bi Mwajuma. Ngwe, yaani duru za mchezo, ni tisa, hakuna dakika tisini. Unaweza kuongoza kutwa nzima, lakini usipomtoa mtu wa mwisho hujashinda.

Sasa nije kwa Baba. Unakumbuka alivyorudi mwishoni mwa 1993, Simba ilipofungwa 2-0 na Stella ya Abidjan, fainali ya Kombe la CAF, hapo hapo Taifa, baada ya kutoka sare kule kwao? Mimi ndiye niliyetembea naye kwa miguu mpaka Tandika, nimemshika mkono, na hakusema neno njia nzima. Mashabiki wa Cubs walikaa na kiu hiyo miaka 108. Ubingwa wao wa mwisho kabla ya kiu hiyo ulikuwa 1908. Kuna mtu anaitwa Ernie Banks, mchezaji wa kwanza mweusi wa Cubs, alianza 1953. Alicheza misimu 19 timu hiyo hiyo, akapiga mipira 512 iliyovuka ukuta, na fainali hakuifikia hata mara moja. Akafariki Januari 2015. Cubs wakachukua ubingwa 2016! Kila nikipita kwenye sanamu yake namfikiria Baba.

Mechi ile ya mwisho, tarehe 2 Novemba, ilichezwa Cleveland. Mimi nilisimama nje ya Wrigley pamoja na maelfu. Ngwe tisa zikaisha 6-6, mvua ikasimamisha mchezo dakika 17, wakarudi, na ngwe ya kumi Cubs wakashinda 8-7. Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa sita ya usiku. Siku hizo watu walikuwa wanakuja na chaki kuandika kwenye kuta za nje majina ya baba, mama na babu zao waliokufa wakiusubiri ubingwa. Mzee mmoja alikuwa anaandika jina la mkewe, akanipa chaki yake. Nikaandika jina la Baba, yote matatu, na chini yake: Tandika, Dar es Salaam. Mama, mimi sikuwahi kumzika. Udongo wake sikuutia. Nililia pale kilio ambacho sikukilia siku ile mliponipigia simu.

Na furaha nimeipata. Tarehe 12 Agosti 2018 nilikuwa uwanjani. Washington wanaongoza 3-0, ngwe ya tisa, wetu wawili wameshatoka, vituo vyote vitatu vina watu. Walio jirani yangu wameshaanza kushuka ngazi. Akaingizwa David Bote kutoka benchi. Amebakiza kosa moja tu tuende nyumbani. Akaupiga, ukaenda, ukaenda, ukavuka ukuta wa katikati kabisa. Yeye na wale watatu wote wakazunguka mpaka mwisho, 4-3! Nikapiga kigelegele, kile cha harusi ya Dada Mwanaidi, na jukwaa zima likageuka, kisha likaanza kunifuatisha. Wapo waliozaliwa mtaa ule ambao siku ile hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Chakula chao pale ni soseji ndani ya mkate. Naula, lakini roho inataka muhogo wa kukaanga wenye pilipili wa pale getini Taifa, na machungwa ya kumenywa, na kelele za kwetu. Hilo halina dawa huku.

Mjomba anunue bati za geji 28, asikubali 30, na anitumie picha ya risiti. Kwenye mzigo wa Shangazi nimeweka kofia ya mtoto wa Ally, mtoto hana kosa. Ally mwenyewe umsomee barua hii yote, hasa habari ya ukuta, kisha aje afute maneno yake kule kwenye kundi, mbele ya wale wale aliowaandikia.

Mwanao,
Zuhura