Udongo wa mbuga na nailoni za karanga

Makulu, Dodoma

Rafiki yangu Yona,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Mama anaendeleaje na mguu? Barua yako imenifika. Umeuliza kama unaweza kuchota udongo mweusi wa mbuga hapo Kibaigwa, ukauchanganya na nailoni za kufungia karanga ili ziwe imara. Udongo wenyewe unafaa, ila si kwa njia uliyoiwazia.

Udongo huo unaovimba mvua zikinyesha na kupasua kuta za watu kiangazi (mafundi wa huku wanaulaani kila siku) una madini ya jamii ya montimoriloniti. Yamepangana kama karata, kila moja ina unene wa nanomita 1 hivi (sehemu moja ya milioni ya milimita), na upana wake ni mara mia au zaidi. Maji hujipenyeza katikati, ndiyo maana udongo unavimba. Wataalamu wanaitumia tabia hiyohiyo: wanaingiza plastiki katikati mpaka karata ziachane kabisa.

Zikiachana vizuri, udongo wa asilimia 5 ya uzito au pungufu unatosha kabisa. Watafiti wa Toyota kule Japani walifanya hivyo kwa nailoni 6 (nailoni halisi ya viwandani, si hii ya mifuko) miaka ya 1980, plastiki ikawa ngumu zaidi na kustahimili joto kali, hadi wakaitumia kutengeneza kifuniko cha mkanda wa taimingi wa injini. Kwenye utando wa kufungia chakula kuna faida nyingine: hewa na mvuke havipenyi moja kwa moja, lazima vizunguke kila karata. Hilo ndilo la maana kwako. Karanga zikipata unyevu zinaota kuvu, na sumukuvu ya 2016 mkoani kwetu na Manyara hujaisahau.

Sasa tatizo. Udongo unapenda maji, nailoni ya dukani, yaani polithini, inayakataa. Ukimwaga unga wa udongo kwenye polithini iliyoyeyuka utapata madonge, na utando utaanza kuchanika hapohapo penye donge. Viwandani huutibu udongo kwanza kwa chumvi za amonia zenye mkia mrefu unaopatana na mafuta, kisha hukandwa kwa mashine yenye nguvu. Hata kuongeza udongo mwingi si dawa: unajirundika, utando unakuwa mkavu na kukatika.

Kama unataka kujaribu kwa mikono yako, anza na wanga wa muhogo, maana nao unapenda maji. Koroga udongo kwenye ndoo, uache usiku kucha, mchanga utazama. Chukua yale maji ya juu yenye ukungu. Changanya na wanga na gliserini kidogo, pika huku ukikoroga mpaka uji ung'ae, mimina juu ya kioo, anika kivulini. Ukikauka ubandue, uuinue kwenye mwanga wa dirisha: ukiona vidoadoa, udongo haujaachana. Pima kwa kuuvuta taratibu, pembeni uweke wa wanga mtupu ulinganishe.

Lakini huo usiufungie karanga za kuuza. Wanga hunyonya unyevu hata ukitiwa udongo, na udongo wa shambani haujapimwa una nini ndani. Karanga zako zikaushe vizuri, kisha uendelee na ile mifuko isiyopitisha hewa, hata kama bei yake inakuuma.

Ukipata gari la kuja mjini, nibebee kopo la udongo huo, wa chini kidogo, usio na mizizi. Wasalimie wote.

Wako,
Elia